Bega la Kulia

Saa kumi na moja alfajiri, Kutaisi, Februari.
Theluji imelala juu ya magari ya wauguzi
nami nasoma picha, kahawa ya pili imepoa.
Bega la kulia. Mwanamume, miaka sitini na mitatu.
Kazi: mwokaji.
Jina sijalitazama. Huwa silitazami
mpaka nimalize; jina hupotosha jicho.

Eteri wa zamu ya usiku ameandika pembeni:
"Alitulia ndani ya sumaku kama jiwe.
Alisema makelele yake si kitu
kwa mtu aliyelea mapacha."

Naanza na kano, maana ndiyo niliyoulizwa.
Kamba hukatikia pabovu,
na hii imekatikia panapokatikia za wengi,
pale inaposhika kichwa cha mfupa,
ikarudi nyuma sentimita tatu na nusu
kama mkono ulionyimwa salamu.

Mpasuaji anataka neno moja: itashoneka?
Lakini kano ni kamba tu. Mvutaji ni mwingine.
Nashuka, picha baada ya picha, kuelekea ndani,
hadi kombe la bega linapojichora
kama panda ya manati,
na katikati ya mikono ya panda
ndipo msuli ungelala, mnene, wa kijivu,
umeijaza nyumba yake.

Navuta mstari toka ncha hii hadi ile.
Msuli wenye afya huupita mstari kwa juu,
kama donge lililoumuka likachungulia nje ya bakuli.
Huu uko chini.
Chini sana.
Na weupe umeuingia,
mchirizi, kisha mchirizi, kisha sihesabu tena:
shahamu imeushinda mnofu.

Si unene wa mtu. Mtu aweza kuwa ufito
na bado bega lake likawa hivi.
Msuli usio na cha kuvuta
hujifia taratibu ndani ya chumba chake,
na mafuta huhamia bila kubisha hodi.
Kano twaweza kuirudisha.
Weupe haurudi kijivu.

Naandika hivyo, kwa lugha kavu zaidi,
ndipo napandisha macho kwenye jina.

Jumberi Lomtatidze.
Nyuma ya soko, karibu na mto Rioni.
Mkate wake uko mezani hapa,
umeumwa upande mmoja.
Tangu vuli alikuwa akinipa chenji kwa mkono wa kushoto
nikadhani ni madaha.

Alikuja mchana. Akaisogelea skrini
kama anavyoinamia tanuru, uso mbele,
macho nusu yamefumbwa kwa joto lisilokuwapo.
"Hiki cheupe?"
"Mafuta."
"Mimi? Mafuta?" Akajipiga tumbo bapa, akacheka peke yake.
Kisha: "Tangu lini?"
Miaka, nikasema. Labda mitatu.
Akalikumbuka gunia, ngazi yenye barafu, mlio kama wa kitambaa.
Alijifunga shali ya mkewe, akarudi kazini.
Watu walikuwa foleni.

Nikamweleza ya upasuaji mwingine,
misuli jirani inayoweza kufunzwa.
Akawa anaitikia kwa kichwa
kama anavyomwitikia mteja anayelalamikia bei.
"Donge likikesha hovyo," akasema, "huchachuka.
Hata uliwekee moto wa namna gani."
Sikuwa na jibu. Nilizima skrini,
sijui kwa nini, kama mtu anayefunika maiti,
na papo hapo nikaona aibu, nikaiwasha tena.

Jumamosi nilipita.
Mzevinari, binti wa dada yake, alikuwa ameinama tanuruni,
visigino vimeacha sakafu,
na Jumberi nyuma yake, mkono wa kushoto
umeshika kamba za aproni yake asitumbukie.
"Bandika! Usibembeleze, bandika!"
Mkate ukateleza ukutani, ukaangukia majivuni.
Wakautoa kwa kulabu, mweusi upande mmoja.

Nikaununua huo.